Kupiga Picha Ndani ya Maji

Siku hizi ziko kamera ndogo zinazoenea kiganjani, nazo haziogopi maji. GoPro HERO12, iliyotoka mwaka 2023, huzamishwa hadi meta 10 bila ganda la kuikinga.

Je, kijana wa Rutshuru aliyepata moja aanzie wapi? Si katika mto wa kwao, wala Vitshumbi kwenye Ziwa Edward. Huko viboko ni wengi, na maji yenyewe ni mazito, picha haitaonyesha kitu. Afadhali aende Goma, kwenye Ziwa Kivu, maana maji yake ni maangavu. Lakini asiingie peke yake, tena ayaepuke mabonde ya ufukoni yenye mazuku, ile hewa ya sumu isiyoonekana, inayoua watu na mbuzi.

Jambo kubwa ni hili: maji hula rangi. Nyekundu hutangulia kupotea, katika meta chache tu. Basi abaki karibu na uso wa maji, jua likiwa utosini, akimsogelea samaki mpaka nusu meta, kama samaki atakubali! Na kabla ya kuzama aufute vema mpira wa kifuniko cha betri. Unywele mmoja watosha kupitisha maji.