Komeo Ndani ya Chembe: Elimu Mpya ya Saratani na Watoto wa Kasulu na Kibondo

Yako maradhi ya watoto ambayo wazazi wengi huyadhania kwanza kuwa ni maumivu ya jino. Taya huvimba upande mmoja. Meno hulegea ingawa hayakuoza. Pengine jicho husukumwa nje, au tumbo hujaa likawa gumu. Mgonjwa mara nyingi ni mtoto wa miaka minne hadi minane, ambaye juma lililopita alikuwa akicheza uani na wenziwe. Maradhi haya ni saratani, nayo huitwa saratani ya Burkitt kwa jina la daktari aliyeyaeleza. Hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, na kwa hiyo yawahusu sana wazazi wa Kasulu na Kibondo, katika miinuko ya Mkoa wa Kigoma. Tumeona vema mwezi huu tuwaeleze wasomaji wetu, wazee kwa vijana, jinsi wataalamu walivyoyafuata maradhi haya hata ndani ya chembe ya mwili, na ni kitu gani kilichobaki mikononi mwa mzazi.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika Uganda. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Jambo hilo lilimshangaza, akaanza kuwatafuta watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Kisha mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda motokaa kuukuu wakaenda mwendo wa maili 10,000 hivi, kupita Tanganyika hata Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza kila hospitali kama imewaona watoto wenye uvimbe huo.

Majibu waliyoyakusanya yalifanya ramani ya ajabu. Karibu na Ikweta, uvimbe ulikuwa haba sana katika nchi zilizo juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Haukuonekana penye baridi wala penye ukame. Mipaka hiyo ni mipaka ya mbu wa malaria. Basi, atazamaye nchi ya Waha, inayopanda kutoka Ziwa Tanganyika hata mpaka wa Burundi, ataona kwamba Kasulu na Kibondo zimekaa karibu kabisa na mstari huo. Miinuko hiyo ina hewa nzuri, lakini haikupanda juu kiasi cha kumshinda mbu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2017 ulikuta malaria katika damu ya watoto 24 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 7 tu kwa kila 100.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakifanya kazi London, walikiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Leo kirusi hicho chajulikana kwa majina ya Epstein na Barr. Lakini hapo ndipo fumbo lilipozidi. Karibu kila mtoto wa Afrika hukipata kirusi hiki angali mdogo sana, na walio wengi hawadhuriki nacho maisha yao yote. Kwa nini basi mmoja augue na maelfu wapone?

Jibu lina sehemu tatu. Ya kwanza ni malaria ya mara kwa mara, ambayo huichosha kinga ya mtoto na kuzihimiza chembe fulani za damu zigawanyike kupita kiasi. Ya pili, katika kugawanyika huko, jeni moja iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru chembe iongezeke, hukatika mahali pake ikaungwa mahali pengine pasipolala, nayo hubaki ikiamuru usiku na mchana. Ya tatu ni hila ya kirusi chenyewe: hujinyamazisha kimya, hata askari wa mwili hupita karibu nacho wasikitambue. Ni hila hii ya tatu inayotupeleka kwenye elimu tuliyoitaja katika kichwa cha habari hii.

Kila chembe ya mwili wa mwanadamu, iwe ya ini, ya ngozi au ya damu, imebeba maagizo yaleyale, jeni zipatazo 20,000. Mfano wake ni nyumba kubwa yenye vyumba vingi. Chembe ya ini hufungua vyumba vyake ikafunga vingine. Chembe ya ngozi nayo hufungua vyake. Komeo linalotumika kufungia ni kitu kidogo mno kiitwacho metili, kinachobandikwa juu ya DNA. Maandishi ya jeni hayabadiliki hata herufi moja. Kilichobadilika ni mlango tu, kwamba umefungwa au umefunguliwa. Elimu ya makomeo haya na alama nyingine za namna hiyo ndiyo iitwayo epijenetiki.

Mmojawapo wa waliotumia umri wao katika elimu hiyo ni Peter Jones, mzaliwa wa Cape Town, aliyekulia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, akapata shahada yake ya udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha London. Alikuwa akichunguza dawa iitwayo azasitidini, iliyotengenezwa kwanza Prague mwaka 1964 ili iwe sumu ya kuua chembe za saratani. Jones aliitia katika chembe za panya zilizokuzwa ndani ya vyombo vya kioo. Zile zilizosalimika zilifanya jambo lisilotazamiwa: baada ya majuma kadhaa zikageuka kuwa misuli, nayo misuli ikaanza kutukutika chomboni. Yeye na wenziwe, Constantinides na Gevers, walitangaza habari hiyo mwaka 1977. Mwaka 1980, akiwa Marekani, yeye na Shirley Taylor walieleza sababu: dawa ile ilikuwa imeondoa makomeo ya metili, na vyumba vilivyofungwa vikafunguka.

Namna inavyofanya kazi yastahili kuelezwa. Chembe inapogawanyika, yuko fundi, yaani kimeng'enya, anayepita katika nyumba mpya akiweka makomeo palepale yalipokuwa katika nyumba ya zamani. Azasitidini hujiingiza ndani ya DNA mahali pa kiungo cha kawaida. Fundi akishika hapo mkono wake hunasa, naye hawezi kuendelea. Hivyo nyumba mpya hubaki bila makomeo. Faida yake katika saratani ni kwamba saratani nyingi huvifunga vyumba vya walinzi, yaani zile jeni zinazozuia chembe isikue ovyo. Mlinzi hakufa, amefungiwa tu, na aliyefungiwa aweza kutolewa.

Hata hivyo, njia kutoka chombo cha kioo hadi kitanda cha mgonjwa ilikuwa ndefu. Hapo kwanza madaktari waliitoa dawa kwa wingi mno, ikawaumiza wagonjwa. Baadaye ilidhihirika kwamba kipimo kidogo, kirudiwacho mara nyingi, ndicho kifunguacho makomeo bila kuivunja nyumba. Serikali ya Marekani iliiruhusu mwaka 2004 kwa maradhi fulani ya uboho wa mifupa, ambayo mara nyingi huwashika wazee. Hesabu yake ni miaka 40 kamili tangu ilipotengenezwa.

Nacho kirusi cha saratani ya Burkitt? Kimekutwa kimejifungia kwa makomeo hayo hayo ya metili. Mwaka 1989 Maria Masucci na wenziwe, huko Stockholm, walitia azasitidini katika chembe za saratani ya Burkitt, na jeni za kirusi zilizokuwa kimya zikaanza kusema. Mwaka 2004 madaktari walitangaza kwamba jambo kama hilo laweza kutokea hata ndani ya miili ya wagonjwa wenye saratani nyingine za kirusi hiki. Tumaini ni wazi: adui akilazimishwa kusema, askari wa mwili watamsikia. Lakini yatupasa kuwa waaminifu kwa wasomaji wetu. Hilo lingali tumaini. Azasitidini siyo dawa anayopewa leo mtoto mwenye taya lililovimba, wala mzazi asiingoje.

Kwa maana dawa za mtoto huyo ziko tayari, nazo zajulikana tangu siku za Burkitt mwenyewe, aliyeona uvimbe mkubwa ukiyeyuka baada ya dozi chache. Saratani hii ni miongoni mwa zile zinazotii dawa kuliko nyingine zote. Katika nchi tajiri hupona watoto takriban tisa kwa kila kumi. Kwetu Afrika Mashariki ni nusu yao, au pungufu ya hapo. Mojawapo ya sababu kubwa za tofauti hiyo ni kuchelewa. Uvimbe wa Burkitt waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo juma moja la kungoja si jambo dogo. Jino likang'olewa, uvimbe usipungue. Mtoto akapelekwa huku na huku kutafutiwa aliyemroga. Mbuzi akauzwa kwa ajili ya nauli, na nauli ikaishia njiani: siku zimepita, na uvimbe umeshafika tumboni au ubongoni.

Twawaomba basi wazazi wa Kasulu na Kibondo, na wa kila mahali penye malaria, washike mambo machache. Taya, jicho au tumbo la mtoto likivimba upesi, apelekwe hospitali ya wilaya siku ileile, na mzazi aulize waziwazi, bila haya: "Je, haiwezi kuwa saratani?" Akiandikiwa kwenda hospitali kubwa, iwe Bugando huko Mwanza au Muhimbili huko Dar es Salaam, jamaa, majirani na jumuiya ya msikiti wachange nauli mara moja, kama wachangavyo sanda; maana ni heri kuchanga mapema kwa ajili ya aliye hai. Matibabu yakianza yasikatizwe kwa sababu uvimbe umetoweka, kwani chembe zilizofichika hurudi. Tena watoto walale ndani ya chandarua kila usiku, na homa ipimwe.

Hapana haja ya kumtuhumu jirani, wala ya mama kujilaumu kwa damu yake. Saratani hii haikutoka kwa jicho baya, wala haiambukizi mtoto alalaye naye kitanda kimoja.

Kwa vijana wetu tuna neno moja. Wataalamu wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Uganda na Oxford, wamekuwa wakijaribu kuitambua saratani hii kwa kipimo cha damu, wakitafuta humo vipande vya DNA ya uvimbe, ili majibu yasingoje majuma mengi. Kazi hiyo yahitaji wasichana na wavulana waliosoma baiolojia na kemia kwa bidii, nao waweza kutoka shule za Kasulu na Kibondo kama watokavyo kwingineko. Elimu hii imekwenda hatua kwa hatua kwa miaka zaidi ya 60, nayo ingali ikiendelea. Saratani ya taya huenda mbio kwa siku. Mpaka vijana wetu watakapoleta ufunguo mwingine, ufunguo ulio mkononi mwa mzazi ni kuwahi.