UZI: Wakisema "tutatumia ubunifu wa vijana", uliza ofisi ni gani

1/ Kila kampeni utaskia hii: "Kaunti yetu itawafungulia milango wabunifu." Watu wanapiga makofi, mjadala unahama. Lakini hakuna anayeuliza: wazo likishaingia City Hall, nani analipokea?

2/ Chukua ramani ya matatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, walianzisha Digital Matatus. Wanafunzi walipanda mathree wakiwa na simu, wakarekodi njia na stegi. Mapema 2014 data ikatolewa bure, njia zaidi ya 130. Mwaka wa 2015 ikaingia Google Maps.

3/ Kazi safi. Lakini stegi huhamishwa na njia hubadilika. Mradi wa chuo huwa na mwisho, jiji halina. Kusasisha ramani kunahitaji ofisi yenye wafanyakazi na bajeti ya kila mwaka.

4/ Sasa angalia Mukuru. Agosti 2017, kaunti ya Nairobi iliitangaza eneo maalum la mipango. Mashirika zaidi ya 40 yakajitokeza. Ingeweza kuwa vurugu tupu, kila mtu na ripoti yake.

5/ Badala yake yaligawanywa kwa mada: afya, maji, nyumba, elimu, ardhi, fedha. Kila kundi lilifanya kazi na idara husika ya kaunti. Wakazi nao walijipanga kuanzia nyumba kumi kumi, ndiposa mama wa kibanda naye akawa na wa kumsemea.

6/ Si ati Mukuru iliisha shida zote. Mpango kwenye karatasi haujengi barabara mpaka pesa zipitishwe kwa bajeti. Lakini angalau wazo lilikuwa na pa kwenda.

7/ "Si tuandae tu hakathoni?" Sawa, ni mwanzo. Ila mshindi akishapigwa picha na ile hundi kubwa, Jumatatu anaenda mlango gani?

8/ Na hii wengi hawajui: kifungu cha 89 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, 2012, kinailazimu kaunti kujibu maombi rasmi ya wananchi bila kuchelewa. Kukujibu ni wajibu wao, hawakufanyii hisani.

9/ Kwa hivyo mdahalo ujao, muulize mgombea yeyote:
– Idara gani itapokea mawazo?
– Nani atajibu, kwa siku ngapi?
– Pesa za kuendeleza ziko wapi kwa bajeti?

Akijibu "tutaunda kamati", rudia swali.