Kipindi cha 14: Miraa na Muguka Nyumbani Mwako

  Kama una mtoto mgongoni na chungu mekoni, endelea na kazi yako, sikio moja linatutosha. Na wewe unayesoma mazungumzo haya kijitabuni, tafadhali msomee na jirani.

Leo tunazungumza juu ya miraa na muguka. Hatukuja kumtukana mtu. Nyumba nyingi za huku kwetu zina mtafunaji: baba anayeendesha lori la mahindi, kijana wa boda boda, mlinzi wa usiku, na wakati mwingine ni mama mwenyewe, ingawa mama hutafuna kwa kujificha. Mwaka wa 2022 NACADA, ile mamlaka ya kitaifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, ilifanya uchunguzi nchi nzima. Ilikuta kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mtu 1 kati ya kila 28 alikuwa anatafuna. Kwa hivyo usidhani ni aibu ya boma lako peke yako.

Kwanza tujue ni kitu gani. Miraa tunayoiona hapa hutoka hasa Meru, upande wa Igembe na Maua. Huja ikiwa vijiti vilivyofungwa kwa majani ya ndizi ili visikauke, na mtu hutafuna ganda laini na ncha changa. Muguka hutoka Embu, upande wa Mbeere. Huo ni majani matupu, ni wa bei rahisi, na ndiyo maana vijana wengi wasio na pesa wamehamia huko. (Mnunuzi huitisha "kilo" ya miraa, lakini ukiiweka kwenye mizani haifiki kilo. Hilo ni jina tu.)

Ndani ya majani hayo mna kemikali iitwayo kathinoni. Hiyo ndiyo inayoleta stimu: usingizi unakimbia, njaa inapotea, mdomo unafunguka, moyo unapiga mbio. Kathinoni haidumu. Siku 2 au 3 baada ya kuchunwa, sehemu kubwa imegeuka kuwa kathini, ambayo ni hafifu zaidi. Sasa unaelewa kwa nini magari ya miraa hukimbia barabarani kama yanafukuzwa, na kwa nini mtafunaji hataki miraa ya juzi.

Kisheria, miraa ni zao halali hapa Kenya. Uingereza iliipiga marufuku mwaka wa 2014. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuuzuia muguka, kesi ikafika mahakamani na amri hizo zikasimamishwa. Mabishano hayo tuwaachie wenyewe. Wewe shida yako ni huyu aliye nyumbani kwako leo.

Tazama kwanza anatafuna namna gani, kwa sababu watafunaji hawafanani. Kuna mzee anayetafuna Jumamosi mchana na wenzake, wakipiga gumzo, na jioni anakula na kulala. Huyo hana hatari sawa na dereva anayeanza kutafuna akitoka Kitale, anaendelea Webuye na Bungoma, anafika foleni ya Malaba macho makavu, na kesho anarudi hivyo hivyo. Kuna kijana anayetafuna tu wakati wa disko matanga, au usiku wa kukesha mwezi wa Agosti kabla ya tohara, anapoambiwa, "Tafuna kidogo usilale." Na kuna yule ambaye hawezi kuamka kitandani bila muguka. Huyu wa mwisho ndiye anayehitaji msaada wa haraka zaidi.

Miraa haimlipi mtu usingizi wake. Inausukuma mbele tu, kama deni la dukani. Stimu ikiisha, usingizi huja kwa ghafla, na ukimkuta mtu juu ya pikipiki akiwa na abiria wawili, hamuulizi kama amefika. Mama, ukiona mwanao wa boda boda amekesha usiku 2, usimpe mtoto apelekwe shule naye. Mwambie wazi kwamba unakataa kwa sababu hajalala, si kwa sababu unamchukia.

Siku ya pili mtafunaji huwa mzito, ana huzuni na hasira za karibu. Wake wengi wanaijua asubuhi hiyo. Mambo ya karo na ya shamba usiyafungue saa hiyo. Ngoja ale, alale, ndipo mzungumze.

Hatari kubwa nyingine ni kile kinachofuata ili kuizima stimu. Mtu ametafuna mpaka usiku, hawezi kulala, basi anakunywa chang'aa au anameza tembe za usingizi alizouziwa bila daktari. Kitu kimoja kinaukimbiza moyo, kingine kinaubana pumzi. Kwa maoni yetu, ukifaulu kumtenganisha mtu na mchanganyiko huu peke yake, hata kabla hajaacha miraa, umeokoa mengi.

Je, ukimwambia aache na akakataa, umekwisha? Hapana. Kuna mambo ya kupunguza madhara ambayo hata mkaidi hukubali, kwa sababu hayamnyang'anyi kitu. Ale kabla ya kuanza. Ugali na maharagwe, au uji mzito, kwa sababu akishaanza hatasikia njaa mpaka kesho. Anywe maji. Wengi hushushia kwa soda chupa baada ya chupa na chingamu tamu mdomoni, na meno huoza kwa sukari hiyo. Mwekee maji safi kwenye chupa aende nayo. Maji na mboga pia humsaidia na ile shida ya choo kigumu ambayo watafunaji huona haya kuitaja. Majani ayaoshe, maana shambani hupigwa dawa ya wadudu. Ateme mapema: akimaliza saa 10 alasiri, ana nafasi ya kulala usiku. Sigara nazo zihesabiwe, kwani wengi wakitafuna huvuta kuliko kawaida bila kujua. Na apange siku za kupumzika katika wiki, siku ambazo pesa ile ya muguka inabaki nyumbani. Hesabuni pesa hiyo pamoja kwa mwezi mzima, bila kelele. Hesabu huwa inazungumza yenyewe.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo tusimfariji kwa hatua hizi. Kwake ushauri ni kuacha kabisa, kwa sababu miraa hupandisha shinikizo na kuubana moyo.

Dawa za hospitali nazo. Watafiti wa Yemen, ambako watu hutafuna sana, waligundua kwamba miraa huzuia dawa ya ampisilini isiingie vizuri mwilini. Ilipomezwa saa 2 baada ya kutafuna, ndipo ilipofanya kazi karibu kama kawaida. Kwa hivyo mgonjwa aliyepewa dawa za viini asizimeze huku shavu limejaa. Afadhali asitafune mpaka dozi iishe. Na anayemeza dawa za kila siku, ziwe za Ukimwi, za kifua kikuu au za kifafa, mwambie muuguzi ukweli kwamba anatafuna. Mtu aliyekesha husahau saa ya dawa.

Sasa wewe mama. Unayetafuna ukiuza mboga mpaka usiku, au kwa sababu mimba imekuchosha, tusikilizane vizuri. Watoto wa akina mama wanaotafuna wakiwa wajawazito mara nyingi huzaliwa na uzito mdogo. Huko huko Yemen, maziwa ya akina mama waliotafuna yalipimwa, na kathini ikapatikana ndani ya maziwa na hata kwenye mkojo wa mtoto mchanga. Kwa hiyo mtoto anatafuna pamoja nawe. Usiache kunyonyesha, acha miraa. Ukishindwa kuacha kwa siku moja, punguza, na umwambie muuguzi kliniki. Hakuna sheria inayomruhusu akufokee.

Watoto wadogo huokota. Majani yaliyobaki mezani, vijiti vilivyoangushwa, chingamu iliyo karibu nayo, yote huenda mdomoni. Weka juu. Na usimtume mtoto kununua muguka, hata kama kibanda kiko mlangoni, kwa sababu Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inataka mtoto alindwe dhidi ya vitu vya kulevya. Kukhu anayelea wajukuu, ukiona mtoto wa darasa la 7 hali jioni, macho yamemtoka, anazungumza bila kupumua na asubuhi haamki, usianze na kiboko. Muulize ni nani anayempa, na kazi gani anayofanya usiku.

Kuna dalili zisizongoja kesho. Maumivu ya kifua. Upande mmoja wa mwili kulegea au mdomo kupinda. Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushuku kwamba jirani na mke wanataka kumuua. Kusema anataka kufa. Hayo si mapepo wala kurogwa. Mpeleke hospitali ya rufaa, Kitale au Bungoma, mchana au usiku, na useme ametafuna kiasi gani na amechanganya na nini. Ondoa panga na dawa za shamba karibu naye. Wengi waliochanganyikiwa hivyo hupata nafuu wakiacha kutafuna na kutibiwa.

Anayetaka kuacha, siku za kwanza atalala sana, atakula sana, atakuwa na huzuni na ndoto mbaya. Hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Mwache alale. Msaidie kubadilisha kijiwe, maana akirudi kuketi na wale wale atatafuna tu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza kwa mshauri, na NACADA wana simu ya bure, nambari 1192, ambayo hata wewe mama unaweza kupiga bila mwenyewe kujua.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutaendelea na kuhara kwa watoto chini ya miaka 5. Kaa na chumvi, sukari na maji safi karibu. Kwaherini.