MACHO MAPYA KATIKA NDEGE KUUKUU

Kutoka Djibouti hadi Chovae, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayu, njia ya baharini izungukayo Rasi Guardafui ni zaidi ya kilomita 2,000. Askari aujuaye upana huo hatashangaa kwamba, maharamia walipoenea huko mwaka 2008, mataifa yalitegemea ndege za doria za masafa marefu. Nyingi zilikuwa P-3 Orion, aina iliyoanza kazi katika jeshi la majini la Marekani mwaka 1962.

Ndege kama hizo huzeeka kwa namna mbili. Mwili huliwa na chumvi, na mifupa ya mabawa huchoka kwa kuruka chinichini juu ya bahari. Kisha vyombo vyake hupitwa na wakati. Hispania ilizichukua Orion zilizokwisha kutumiwa na Norway, ikazitia vyombo vipya vya upelelezi, ikazipeleka Djibouti. Ilizistaafisha mwaka 2022. Ujerumani ilinunua Orion 8 za Uholanzi, ikaanza kuzikarabati. Mwaka 2020 iliikatiza kazi hiyo, na mwaka uliofuata ikaagiza P-8A Poseidon mpya.

Basi ukarabati una mpaka wake. Lakini lisiloweza kungoja ni macho ya ndege. Kwenye rada, mashua ya mvuvi wa Kibajuni na boti la haramia ni nukta mbili zinazofanana. Kamera kali, hasa ile ionayo joto usiku, ndiyo inayomwezesha mwanaanga kupambanua nyavu na ngazi ya kukwelea meli, au jembe la kasia na bunduki.

Kukosea ni msiba. Novemba 2008, katika Ghuba ya Aden, manowari ya India, INS Tabar, iliizamisha meli iliyodhaniwa kuwa ya maharamia. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilikuwa meli ya uvuvi ya Thailand, Ekawat Nava 5, iliyotekwa, na mabaharia wake wangali ndani. Machi 2024, jeshi hilo hilo, likisaidiwa na ndege zake za doria za P-8I, liliikomboa meli MV Ruen: maharamia 35 walisalimu amri, na mabaharia 17 wakatoka salama.

Mvuvi wa Chovae hana redio ya kujitambulisha kwa rubani. Uhai wake umo katika uwezo wa askari wa kuona sawasawa kabla ya kutoa amri. Serikali ikarabatipo ndege yake, na ianzie hapo.