UNAMCHAPA LEO, KESHO ATAMCHAPA NANI?

Tuambizane ukweli. Nani kati yetu hajaonja bakora? Uwe umekulia Dongobesh kule Mbulu, Katesh kule Hanang au Manzese hapa Dar, stori ni ile ile: nyumbani mkanda, shuleni kiboko, na ukisema umechapwa na mwalimu, mzee anakuongeza. Tukikua tunajitapa: "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?"

Sawa, tumekuwa watu. Lakini watu gani? Ukikanyagwa kwenye daladala, ngumi. Mchumba akijibu, kibao. Mdogo wako akivunja kikombe, unatafuta fimbo kabla hujauliza kimevunjikaje.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Tobias Hecker walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walishachapwa na mwalimu angalau mara moja. Waliochapwa zaidi ndio walioonekana wakorofi zaidi, na wazito wa kuwasaidia wenzao. Utasema labda watukutu ndio wanaochapwa sana. Haya, inawezekana. Basi mbona dawa yenyewe haiponyi?

Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Wewe ulihesabiwa vinne? Mwaka 2018 kule Bukoba mwanafunzi alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, akidaiwa kuiba mkoba.

Sasa turudi Hanang, tuna la kujifunza. Mtafiti George Klima, aliyeishi na Wabarabaig, aliandika mwaka 1964 jinsi kinamama wao wanavyokuwa na kikao chao wenyewe. Mwanaume akiwakosea, kesi yake inajadiliwa, na akipatikana na hatia anatozwa faini ya ng'ombe dume. Hapo hakuna cha bakora. Kosa linazungumzwa, mkosaji analipa, yanaisha.

Jamani, kama jitu zima na ndevu zake kesi yake inakaliwa kikao, katoto ka miaka saba kamekosa nini hadi kachapwe bila hata kuulizwa? Tunakafundisha kitu kimoja tu: mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Kakipata nguvu, katatumia somo hilo kwa mkewe, kwa jirani, na kwa mwanawe.

Hatusemi mtoto adekezwe. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ila hawakutaja fimbo. Aliyevunja kikombe aokote vipande, apige deki, na jioni asiende kucheza. Aliyempiga mwenzie amwombe radhi mbele ya watu. Faini yake hiyo, na atalia vizuri tu.

Kwa hiyo wikiendi hii ukiwa kwa dada, dogo akaleta za kuleta, weka fimbo chini. Uliza kwanza, sikiliza, ndipo utoe hukumu. Kazi kwako, mshikaji!