Chakula cha Mimea na Afya ya Jamii: Mazingatio kutoka Machochwe

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mboga za majani na jamii ya kunde huhesabiwa kuwa ni chakula cha siku za dhiki, na nyama ikahesabiwa kuwa ndiyo heshima ya mgeni na alama ya uwezo. Fikra hiyo inahitaji kusahihishwa. Utaalamu wa afya umethibitisha kwamba mlo ambao sehemu yake kubwa inatokana na mimea, iwapo umepangwa ipasavyo, hupunguza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Mfano mzuri unapatikana Machochwe, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakaazi wa huko ni wakulima na wafugaji, na ng'ombe kwao ni mali, ni mahari na ni heshima. Hata hivyo, chakula chao cha kila siku hutoka shambani: ugali wa mahindi, ulezi, mtama au muhogo, pamoja na maharage, kunde, mchicha na mgagani. Kwa wakaazi wa Unguja na Pemba, ambao kitoweo chao kikuu ni samaki, nafasi hiyo hushikwa na kisamvu, matembele, choroko na mbaazi. Pande zote mbili, chakula kinachodharauliwa ndicho chenye manufaa.

Jambo hili liligunduliwa zamani katika eneo letu. Madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliofanya kazi Uganda katika karne ya 20, waliona kwamba wanavijiji waliokula nafaka zisizokobolewa, mizizi na kunde hawakupatwa sana na maradhi ya utumbo na ya moyo yaliyoenea Ulaya. Mwaka 1956 Trowell aliandika juu ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, kwa kuwa lilikuwa jambo la nadra. Madaktari hao waliitaja nyuzinyuzi ya vyakula kuwa ni miongoni mwa sababu za kinga hiyo. Nyuzinyuzi hurahisisha choo, hupunguza lehemu katika damu na huifanya sukari iingie mwilini polepole.

Halikadhalika, utafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, ulioanza mwaka 2002 na kuhusisha Waadventista wapatao 96,000, uliwakuta wasiokula nyama wakiwa na shinikizo la damu na kisukari kwa kiwango kidogo zaidi kuliko walaji wa nyama. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa, mfano soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Nyama nyekundu iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha.

Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, suala hili lina uzito wa pekee. Wapo wanaoingia porini kutafuta kitoweo, ilhali Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila ya kibali. Baba anapofungwa, watoto hukosa mlezi. Aidha, nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa yaweza kuwa na kimeta, maradhi yanayoua. Maharage, karanga na ufuta huupatia mwili protini bila ya hatari hizo.

Ni vyema ieleweke, hata hivyo, kwamba kuacha nyama peke yake si afya. Anayeshiba ugali mtupu hatapata manufaa yaliyotajwa. Masharti yake ni haya:

Kwanza, nafaka iliwe pamoja na jamii ya kunde, kwani kila kimoja hukamilisha protini ya mwenziwe.

Pili, madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage hupokewa vizuri na mwili penye limau, chungwa au pera. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia madini hayo.

Tatu, vitamini B12 haipatikani katika mimea. Maziwa yaliyochemshwa na mayai hutosheleza haja hiyo, na mfugaji wa Machochwe anayo maziwa zizini kwake. Asiyetumia kabisa vyakula vya wanyama hana budi kupata vidonge vyake. Mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wapate ushauri wa kituo cha afya kabla ya kubadili mlo.

Nne, mboga, isipokuwa kisamvu, zisichemshwe mno wala maji yake yasimwagwe, na chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5.

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanahimizwa kuanza na kilichopo: bustani ya mboga nyuma ya nyumba, unga usiokobolewa, na sahani ya kunde isiyoonewa haya mbele ya mgeni. Gharama yake ni ndogo, na matibabu ya maradhi yanayokingwa nayo ni ya maisha yote.