Tumbo si Tembo: lugha na mbinu za kubaki hai katika mchezo wa zombi

Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi watu wanne wanavyoweza kubaki hai katika mchezo wa video ambamo wanapambana na mazombi kwa ushirikiano. Najua kwamba jarida letu limezoea ngeli, vitenzi na fasihi simulizi. Naomba wasomaji wanivumilie kidogo: ngeli zitakuja, na zitakuja kwa sababu tulikufa mara nyingi bila kuzijali.

Sisi ni wanafunzi wanne. Jumamosi tunakutana kwa mmoja wetu, komini ya Katuba, tunaunganisha kompyuta nne kwa waya na kucheza Left 4 Dead 2 mpaka umeme ukatike. Kwa muda mrefu tulishindwa mahali pale pale, kwenye daraja la mwisho. Kila mmoja alimlaumu mwenzake: huyu hajui kulenga, yule ni mchoyo wa dawa. Ugomvi ulifika hatua ambayo mmoja wetu alikaa wiki mbili bila kuja. Ndipo nikaanza kuandika kwenye daftari maneno tuliyopigiana kelele kabla ya kila kifo. Niliposoma daftari hilo niliona kwamba bunduki halikuwa tatizo letu kubwa. Tulikuwa tunasemezana vibaya.

Mchezo wenyewe

Left 4 Dead ilitolewa na kampuni ya Valve mwaka 2008, na ya pili ikafuata mwaka 2009. Hii ya pili inawachukua wahusika wanne kutoka Savannah hadi New Orleans, kusini mwa Marekani, wakati ugonjwa umegeuza watu kuwa mazombi. Neno zombi lenyewe linatuhusu kuliko tunavyodhani. Wanaisimu wengi hulihusisha na lugha za Kibantu za eneo la Kongo na Angola, kama Kikongo na Kimbundu, ambazo zilivuka Atlantiki pamoja na watumwa hadi Haiti. Kutoka huko neno likaingia Marekani na kwenye sinema zake.

Sura nyingi za mchezo huanza au kuishia katika chumba salama chenye mlango wa chuma. Katikati kuna mazombi wa kawaida, wanaokuja kwa makundi, na wale wa pekee, ambao ni wachache lakini ni hatari zaidi. Programu inayoongoza mchezo hupima hali ya wachezaji na kubadilisha idadi ya maadui na mahali pa vifaa. Kwa hiyo huwezi kukariri njia na kutegemea kwamba kesho zombi atasimama pale aliposimama jana. Kinachobaki ni kuambiana kila jambo linapotokea.

Kutembea pamoja

Kanuni ya kwanza ni kutoachana, na sababu yake imo katika muundo wa mchezo. Kati ya mazombi wa pekee, wanne hukamata mtu: Hunter humrukia na kumlalia, Smoker humvuta kwa ulimi mrefu, Jockey hupanda mabegani na kumwongoza anakotaka yeye, Charger humbeba na kumpigiza chini. Aliyeshikwa namna hiyo kwa kawaida hawezi kujiokoa, hata kama ana bunduki nzuri kuliko wote. Lazima mwenzake ampige zombi au, kama si Charger, amsukume. Anayetangulia peke yake kwa kujiona hodari anajitoa kama chakula.

Pamoja na hilo kuna risasi za wenzako. Kuanzia kiwango cha kawaida, ukimpiga rafiki anaumia. Kwa hiyo wawili wa mbele huchutama na wawili wa nyuma husimama, ili wa nyuma wapige juu ya vichwa vya wa mbele. Kundi kubwa likija, msisimame barabarani. Ingieni kwenye kona au chumba kidogo, migongo ikiwa ukutani, ili adui aje kutoka upande mmoja tu.

Haya tuliyajua mapema, na bado tulikufa.

Jina fupi, tena la pekee

Majina ya Kiingereza hayakutukaa mdomoni, basi tukawapa mazombi majina yetu. Smoker tulimwita Ulimi. Hunter akawa Chui. Spitter, anayetema asidi chini, akawa Mate. Boomer ni zombi mnene: ukimpiga akiwa karibu hupasuka na kukumwagia matapishi, huoni kitu kwa muda, na kundi zima linakufuata wewe. Huyo tulimwita Tumbo. Tank ni jitu lenye nguvu, linalorusha mawe na kupiga watu wakaruka mbali. Tulimwita Tembo.

Msomaji wa idara yetu ameshaona kosa. Tumbo na Tembo ni jozi ya maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kazi yote ya kutofautisha imewekwa kwenye irabu moja, katikati ya mlio wa bunduki. Na wanyama hawa wawili wanadai majibu yanayopingana. Ukisikia Tumbo, unasimama na wenzako, unamsukuma akikaribia, unampiga akiwa mbali. Ukisikia Tembo, mnatawanyika kidogo ili asiwapige wote kwa pigo moja, mnarudi nyuma huku mkipiga, na mwenye chupa ya moto anamrushia mapema. Usiku mmoja darajani nilipaza sauti: “Tembo!” Wenzangu wawili walisikia Tumbo. Walikusanyika pamoja, wakitulia. Jitu likawapiga wote wawili kwa mkono mmoja.

Tangu siku hiyo Tank ni Jitu, na tumeweka sharti: jina lolote jipya lazima litofautiane na mengine tangu silabi ya kwanza. Watengenezaji wa mchezo walifuata kanuni kama hiyo kwa sauti za mazombi. Ulimi hukohoa, Chui hunguruma, Jockey hucheka kama mwendawazimu. Mtu anayesikiliza anajua nani yuko karibu kabla ya kumwona. Hatupaswi kuyafanya majina yafanane wakati mchezo umetenganisha sauti kwa uangalifu.

Wapi?

Neno lililojaa kwenye daftari langu kuliko yote ni “kule”. “Chui iko kule!” Tatizo la viashiria linajulikana darasani: maana ya kule hutegemea mahali alipo msemaji na anakoelekeza macho. Mezani, mtu akisema kule, tunaona kidole chake. Katika mchezo kila mmoja anatazama kioo chake, ameelekea upande wake. Kule kwangu ni nyuma kwako. Vilevile “kushoto” yangu si yako.

Dawa ya kwanza ni kutaja kitu ambacho wote wanakiona: gari jekundu, ngazi, mlango. Ya pili tulikuwa nayo kinywani bila kuitambua. Katika Kiswahili sanifu tunasema nyumbani, na kiambishi -ni peke yake hakisemi kama ni ndani, karibu au upande ule. Tofauti inajitokeza kwenye upatanisho: nyumbani humu, nyumbani hapa, nyumbani huku. Kingwana chetu kinaweka mu na ku mbele ya nomino yenyewe: mu nyumba, ku nyumba. “Ulimi iko mu nyumba” inamaanisha yumo ndani, usiingie kabla ya kusikiliza. “Ulimi iko ku nyumba” inamaanisha upande wa nyumba, tazama kuta na paa. Silabi moja inabadilisha mahali pa kulenga.

Nilikuwa nimejaribu, kwa bidii ya mwanafunzi wa lugha, kuwafanya wenzangu waseme sanifu wakati wa mchezo. Daftari lilinirudi. Sentensi zangu zilifika zikiwa zimechelewa, na mara nyingine hazikusema ndani au nje. Niliacha.

Nani?

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa. Mtu akianguka, hufa polepole akiwa chini. Bado anaweza kupiga kwa bastola, lakini lazima mwenzake amwinue, na kazi hiyo huchukua sekunde chache ambazo mwokoaji hawezi kujilinda. Mtu akishainuliwa mara mbili bila kutibiwa, anguko la tatu ni kifo. Yule aliyekaa wiki mbili bila kuja alikuwa ameanguka mara nyingi akiita: “Munisaidie!” Hakuna aliyekwenda. Aliamini tulimwacha kwa makusudi.

Niliangalia daftari. Kila mara alitumia wingi: munisaidie, ninyi nyote. Na kila mmoja wetu alisikia kwamba wengine wawili wameitwa pia, akaendelea kupiga, akijua kwamba mmoja wao ataenda. Tukabadilisha. Anayeanguka hutaja jina la aliye karibu naye kwanza, kisha kitenzi katika umoja: “Fulani, uniinue.” Mchezo unasaidia hapa, kwa sababu unaonyesha umbo la mwenzako hata nyuma ya ukuta, hivyo unaona nani yuko karibu. Aliyetajwa hujibu neno moja, “Nakuja” au “Siwezi”. Akijibu siwezi, jina la pili linaitwa. Wale wasiotajwa wanamlinda anayeinua. Rafiki yetu aliposikia maelezo haya alirudi. Alisema afadhali kosa liwe la wingi kuliko liwe la roho mbaya.

Kusema na kunyamaza

Mwanafalsafa Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza kwamba msemaji hutazamiwa kutoa habari za kutosha, wala si zaidi ya zinazohitajika. Katika mchezo huu kanuni hiyo ni dawa. Kioo kinaonyesha afya ya kila mwenzako na vifaa alivyobeba. Kulia kwamba afya yako imeshuka ni kurudia kinachoonekana. Sema kile ambacho kioo hakionyeshi na kitakachobadilisha kitendo cha mwingine: “Napakia risasi”, “Narusha moto mbele”, “Nabaki mlangoni”. Anayerusha moto bila kusema huwachoma wenzake.

Kuhusu dawa, tulikubaliana hivi: sanduku la tiba hurudisha sehemu kubwa ya afya iliyopotea, kwa hiyo usilitumie kwa kidonda kidogo. Vidonge huongeza afya ya muda tu, ambayo hupungua tena. Hivyo ni vya kukimbilia mlangoni. Mwenye sanduku humtibu aliyeumia zaidi, hata kama si yeye.

Na baada ya kundi kupita, nyamazeni kidogo. Hapo ndipo kikohozi cha Ulimi husikika, au kilio cha Witch, mwanamke anayekaa peke yake akilia. Yeye hashambulii asipochokozwa. Mkimsikia, mtu mmoja tu aseme: “Taa.” Wote wanazima tochi, hakuna anayepiga, wanapita mbali naye. Akishtuka humfuata yule aliyemchokoza, na anaweza kumwangusha kwa pigo moja.

Heshima

Ilibaki shida moja ambayo haimo katika vitabu vya mbinu. Mkubwa wetu tunamwita Yaya. Hakuna aliyethubutu kumwamuru kwa kitenzi kikavu. Tulisema: “Yaya, tafazali, kama unaweza, geuka nyuma.” Mpaka sentensi iishe, Chui yuko juu ya mgongo wake. Ni yeye mwenyewe aliyekata shauri: “Mu muchezo akuna yaya.” Tangu hapo ndani ya mchezo tunamwita jina lake na kumwambia geuka. Tukizima kompyuta, yeye ni Yaya tena, na mdogo ndiye anayekwenda kununua maji.

Sidai kwamba wachezaji wanne ni ushahidi wa lugha nzima. Nasema tu kwamba mahali ambapo sekunde moja inaua, tuliona wazi kila kipashio kinafanya kazi gani: irabu ya jina, mu na ku, umoja na wingi. Kingwana, ambacho tunakirekebisha kwa wino mwekundu, kilitutosha. Pengine Jumamosi ya mtu yeyote inaweza kuwa mahali pa kukusanyia data.

Daraja tulilivuka. Helikopta ilikuwa inangoja upande wa pili, na Jitu lilikuwa nyuma yetu. Yaya alianguka hatua chache kabla ya kufika. Tuligeuka wote watatu. Hakutaja jina la mtu. Alisema: “Mwende!” Safari hii wingi ulikuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba ameambiwa yeye.